Kutoka Jumapili Bila Magari hadi Giaboksi: Historia ya Jitihada za Kupunguza Ulaji wa Mafuta wa Magari Makuukuu ya Otomatiki katika Musoma, Bunda na Butiama, 1973–2022

Utangulizi

Katika miji ya Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, kauli kwamba gari la otomatiki linakula mafuta husemwa kana kwamba haihitaji ushahidi. Muuzaji wa gari huijua na huiogopa. Mnunuzi huitumia kushusha bei. Fundi huitaja kabla hajafungua boneti. Kauli hiyo, hata hivyo, ina umri wake. Ilikuwa kweli kwa giaboksi za kizazi fulani, zilipotumika katika barabara za aina fulani, na iliendelea kusemwa hata baada ya hali hizo kubadilika. Makala haya yanafuatilia namna kauli hiyo ilivyopata nguvu mkoani Mara, na namna wenye magari makuukuu yenye mwendo wa magurudumu yote manne walivyojaribu kuikwepa kwa kurekebisha, kuboresha au kubadilisha kabisa giaboksi zao.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa uboreshaji ilikuwa urejeshaji. Giaboksi za otomatiki zilizofika Mara kuanzia miaka ya 1990 zilikuwa tayari zimebeba ndani yake maarifa ya kubana mafuta, yaliyobuniwa kutokana na misukosuko ileile ya mafuta iliyoitikisa Tanzania katika miaka ya 1970. Maarifa hayo yalizimwa na desturi za matengenezo zilizorithiwa kutoka enzi ya magari ya klachi. Kwa hiyo mwenye gari aliyetafuta giaboksi mpya mara nyingi alikuwa akitafuta kitu alichokuwa nacho tayari.

Hoja hii inadai kitu katika historiografia. Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameonesha kwamba gereji za Tanzania zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa, na kwamba fundi aliligeuza gari la kigeni kuwa teknolojia ya hapa. Msimamo huo una uzito na makala haya hayaupingi. Yanauliza tu nini hutokea pale ambapo maarifa ya gereji, yaliyo sahihi kwa mashine moja, yanapohamishiwa kwenye mashine nyingine ambayo kwa nje inafanana nayo.

Mafuta ya mgawo na magari ya klachi

Mkoa wa Mara haujawahi kuwa na reli. Reli ya kati ilifika Mwanza mwaka 1928, na kutoka hapo kila pipa la mafuta lililokwenda Musoma lilisafiri kwa barabara au kwa ziwa. Umbali huu ni jambo la msingi katika historia yote inayofuata, kwa maana lita moja ya petroli ilikuwa ghali zaidi Musoma kuliko Dar es Salaam kabla hata ya kodi yoyote kutajwa. Magari yaliyotawala njia za mkoa katika miongo ya kwanza ya uhuru yalikuwa Land Rover za serikali, za hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951, na za misheni, wakiwamo wamisionari wa Maryknoll waliofika Musoma mwaka 1946. Hayo yalikuwa magari ya klachi. Dereva ndiye aliyechagua gia, na ulaji wa mafuta ulihesabiwa kuwa tabia yake mwenyewe: mguu mzito au mguu mwepesi.

Msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, ukifuatiwa na ule wa 1979 ambao ulikutana na gharama za vita vya Kagera, ulibadilisha maana ya lita. Serikali iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni haikuweza kuyaacha mafuta yatumike kwa hiari ya mwenye gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, agizo ambalo wazee wengi bado hulikumbuka vizuri zaidi kuliko takwimu yoyote ya uchumi wa wakati ule. Uagizaji wa magari nao ulikuwa mikononi mwa shirika la umma. Katika mfumo huo suala la kuboresha gari ili litumie mafuta kidogo halikuwa na nafasi kubwa. Mafuta yalibanwa kwa kibali, kwa foleni na kwa kuliacha gari limesimama.

Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba misukosuko hiyohiyo ilikuwa ikifanya kazi nyingine mbali sana na Mara. Giaboksi ya otomatiki ilianza kuuzwa kwa wingi na General Motors, kwa jina la Hydra-Matic, mwaka 1939. Tangu mwanzo ilikuwa na aibu moja: nguvu ya injini ilipita katika majimaji, na majimaji huteleza. Sehemu ya nguvu iligeuka joto kabla ya kufika kwenye magurudumu. Dawa ilijulikana mapema. Packard waliweka klachi ya kufunga konveta katika giaboksi yao ya mwaka 1949, ili gari likishakuwa katika mwendo injini na giaboksi zizunguke pamoja bila mtelezo. Lakini petroli ilikuwa rahisi Marekani na dawa hiyo haikuenea. Ilirudi kwa nguvu baada ya 1973. Marekani ilitunga sheria ya wastani wa ulaji wa mafuta mwaka 1975. Toyota walitoa giaboksi ya otomatiki ya gia nne yenye ovadraivu mwaka 1977. Chrysler walirudisha kufunga konveta katika magari ya mwaka 1978. Kufikia miaka ya 1990 vitu hivi viwili, ovadraivu na konveta inayojifunga, vilikuwa vya kawaida katika magari makubwa ya Kijapani. Ndiyo magari yaliyokuja Mara.

Mnada, mtumba na shangingi

Magari hayo yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa serikali na miradi. Baada ya uagizaji kulegezwa katika bajeti ya 1984, na hasa katika miaka ya utawala wa Ali Hassan Mwinyi, gari kubwa la otomatiki likawa alama ya cheo. Lugha ya mtaani ililipa jina shangingi, neno ambalo lilibeba dhihaka tangu siku ya kwanza. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kati ya 2008 na 2015, alizungumza hadharani dhidi ya gharama za magari ya namna hiyo. Lakini gari la serikali halifi linapofutwa. Linapigwa mnada, na mnunuzi wa mnada hurithi injini kubwa bila kurithi kasma ya mafuta iliyokuwa ikiilisha. Wizara ilikuwa imejaza tangi kwa miaka kumi bila kuuliza. Mfanyabiashara wa Bunda aliuliza swali hilo wiki ya kwanza.

Njia ya pili ilikuwa mtumba kutoka Japani. Kenya ilizuia magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania haikuweka kizuizi kama hicho, bali ilitoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa. Kwa hiyo upande wa kusini wa mpaka wa Sirari ulipokea magari ambayo upande wa kaskazini ulikuwa umeyafungia mlango. Hilux Surf, Prado, RAV4 na X-Trail za kizazi cha kwanza zilifika zikiwa na umri wa miaka kumi au zaidi, karibu zote za otomatiki, kwa kuwa ndivyo soko la Japani lilivyokuwa. Mnunuzi hakuchagua otomatiki. Alichagua gari, na otomatiki ikaja nayo.

Thamostati

Hapa ndipo kiini cha suala kilipo, na panastahili maelezo ya kina kuliko sehemu nyingine.

Giaboksi za Toyota za miaka ya 1990, kama vile A340 iliyotumika katika Hilux Surf na jamaa zake, zilibadilisha gia kwa amri ya kompyuta. Kompyuta hiyo haikuruhusu ovadraivu wala kufunga konveta mpaka maji ya injini yafikie joto lililopangwa. Sababu yake ni ya kihandisi: injini baridi haistahimili mzunguko mdogo chini ya mzigo, na oili ya giaboksi baridi ni nzito. Kihisi kidogo kilichofungwa kwenye njia ya maji kiliipa kompyuta taarifa, na kompyuta ikangoja.

Sasa, kuondoa thamostati limekuwa jambo la kawaida katika gereji nyingi za Afrika Mashariki. Hoja inayotolewa ni kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba katika nchi ya joto kazi yake pekee ni kukwama na kuichemsha injini. Kwa Land Rover ya klachi yenye rejeta iliyoziba na isiyo na spea, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Thamostati iliyokwama njiani kati ya Nyamuswa na Ikoma ingeweza kuua injini. Kuiondoa kuligharimu mafuta kidogo tu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na ulitokana na uzoefu.

Katika gari la otomatiki la kompyuta uamuzi uleule ulikuwa na matokeo tofauti kabisa. Ufuo wa Ziwa Viktoria uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Musoma si za joto kama watu wa pwani wanavyodhani. Gari lisilo na thamostati, likitembea kwa upepo wa barabara kuu, linaweza kubaki chini ya joto lililopangwa safari nzima. Kompyuta inaendelea kungoja. Gia ya nne haiingii au inachelewa, konveta haijifungi, na mfumo wa petroli nao unaendelea kumwaga mafuta ya injini baridi. Dereva anaona kitu kimoja tu: gari la otomatiki linakula mafuta. Fundi anakubali, kwa kuwa ndivyo anavyojua, na thamostati haitajwi na yeyote kwa sababu iliondolewa miaka mitatu iliyopita na fundi mwingine.

Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa namna maarifa sahihi yanavyoweza kuzaa imani isiyo sahihi. Haitoshi kusema kwamba fundi hakujua. Alijua sana, ila alijua gari jingine.

Yapo mambo mengine ya aina hiyo, ingawa hayana uzito sawa. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani, yanayopendwa kwa ajili ya njia za matope, huufanya uwiano wa mwisho kuwa mzito na kuilazimisha giaboksi kurudi gia ya tatu kwenye kila kilima. Mwinuko wenyewe hupunguza nguvu ya injini isiyo na tabo kwa takribani sehemu moja ya kumi, jambo linalozidisha kurudi huko. Swichi ya taa za breki ikiharibika huiambia kompyuta kwamba dereva amekanyaga breki, na konveta hufunguka. Kitufe cha ovadraivu nacho, kilicho kwenye mkono wa gia, kimezua mabishano yasiyokwisha, kwa kuwa taa ya O/D OFF huwaka pale ovadraivu inapozimwa na wengi huisoma kinyume. Gari lililoendeshwa kutoka Musoma hadi Mwanza huku taa hiyo ikiwaka limesafiri zaidi ya kilometa 200 bila gia yake ya juu.

Taa hiyohiyo ilikuwa pia mlango wa maarifa. Katika Toyota nyingi za wakati huo fundi aliyeunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, yaliyoandikwa TE1 na E1, angeiona taa ya O/D OFF ikikonyeza kwa hesabu. Mikonyezo ya namba 62 na 63 iliashiria vali za umeme za kubadilishia gia. Namba 64 iliashiria vali ya kufungia konveta. Hakuhitaji mashine ya kupimia wala intaneti. Kwa muda mfupi wa kihistoria, kabla ya magari kuhitaji mashine maalumu, kompyuta ya gari ilizungumza lugha ambayo fundi yeyote aliyejua kuhesabu angeweza kuisoma. Kwamba njia hii haikuenea kwa kasi iliyoenea kuondoa thamostati kunaeleza mengi kuhusu jinsi ujuzi unavyosafiri: desturi ya kuondoa kifaa hufundishwa kwa macho, ilhali desturi ya kusoma namba huhitaji kitabu.

Kubadilisha giaboksi

Wapo walioamua kwamba giaboksi yenyewe iondoke. Njia ya kwanza ilikuwa kuifunga ya klachi. Katika njia za udongo, ambako konveta haipati nafasi ya kujifunga, mabadiliko hayo yalileta nafuu halisi. Katika lami hesabu ni nyingine, kwa kuwa gia ya juu ya giaboksi za klachi za kundi hilo haikuwa nyepesi kama ovadraivu ya A340, na injini ililazimika kuzunguka kwa kasi zaidi katika mwendo uleule.

Njia ya pili, iliyovutia zaidi kwa jina, ilikuwa kupandisha kutoka gia nne hadi tano kwa kutumia A750 ya mtumba, ambayo Toyota walianza kuifunga katika magari yao makubwa miaka ya 2000. Tarakimu zenyewe zinatosha kuonesha tatizo. Gia za A340 zina uwiano wa 2.804, 1.531, 1.000 na 0.705. Za A750 ni 3.520, 2.042, 1.400, 1.000 na 0.716. Gia ya tano ya giaboksi mpya ni nzito kidogo kuliko gia ya nne ya ile ya zamani. Mwenye gari aliyetarajia injini itulie zaidi kwenye barabara ya Bunda angekuta, kama difu haikubadilishwa, kwamba injini inazunguka kasi zaidi kwa asilimia moja na nusu hivi. Faida ya A750 ipo chini, katika kuondoka na katika hatua fupi kati ya gia na gia, pamoja na udhibiti mpana zaidi wa kufunga konveta. Na faida hizo huamriwa na kompyuta yake, ambayo haielewani na injini ya kizazi kilichotangulia.

Hesabu ya fedha nayo haikuwa rafiki. Safari ya kwenda na kurudi Mwanza kutoka Musoma ni kilometa zipatazo 440. Gari linalotembea kilometa 8 kwa lita linahitaji lita 55. Likipandishwa hadi kilometa 9 linahitaji karibu lita 49. Kwa bei ya shilingi 3,400 akiba ni takribani shilingi 20,800. Ikichukuliwa kwamba giaboksi na ufundi vinagharimu shilingi milioni mbili, kiwango kilichowekwa hapa kwa ajili ya mfano tu, safari zaidi ya 96 zingehitajika ili kurudisha fedha hiyo. Thamostati mpya, oili sahihi ya giaboksi na swichi ya breki hurudisha gharama zake katika safari chache.

Barabara na kodi

Akiba yote hii, hata hivyo, ilitegemea kitu kisichouzwa gerejini. Ovadraivu na kufunga konveta vinahitaji mwendo usiokatika, na mwendo usiokatika unahitaji lami. Kwa sababu hiyo historia ya giaboksi katika Mara haiwezi kutenganishwa na historia ya barabara. Sehemu ya barabara kuu kutoka mpaka wa Simiyu na Mara hadi Musoma, yenye kilometa 85.5 na inayopita Bunda, ilikarabatiwa upya katika miaka ya 2010. Kwa mkazi wa Bunda mwenye Prado ya mtumba, ukarabati huo ulikuwa uboreshaji wa giaboksi bila kugusa boliti hata moja. Jirani yake wa Butiama, wilaya iliyomegwa kutoka Musoma Vijijini mwaka 2012, hakupata nafuu hiyohiyo. Sehemu ya Makutano hadi Sanzate, kilometa 50 tu, ilichukua miaka mingi ya ujenzi, na gari lililotoka lami na kuingia vumbi lilirudi gia ya pili na ya tatu, konveta ikiteleza. Gari moja, giaboksi moja, na kauli mbili tofauti kuhusu ulaji wa mafuta, zikitenganishwa na mwendo wa chini ya saa moja.

Kodi ilikamilisha kile ambacho barabara ilianza. Hadi mwaka 2017 mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka kulingana na ukubwa wa injini, gari litembee au lisitembee. Bajeti ya 2017/18 iliifuta ada hiyo na kuongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Mabadiliko haya yalijadiliwa zaidi kama nafuu kwa wenye magari yaliyosimama. Kihistoria yana maana pana zaidi: mzigo ulihamishwa kutoka kwenye umiliki wa injini kubwa hadi kwenye lita inayochomwa, na mfumo wa kodi ukazidi kumlipa mtu aliyerekebisha gari lake. Bei nazo zilikuwa wazi kwa kila mmoja, kwani EWURA ilitangaza bei kikomo kwa kila mji tangu 2009. Bei ya petroli Dar es Salaam ilipovuka shilingi 3,400 mwezi Agosti 2022, miezi miwili baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, mkazi wa Musoma aliweza kusoma mwenyewe ni kiasi gani cha ziada analipia umbali.

Tofauti na miaka ya 1980, safari hii serikali haikumwambia mwenye gari alisimamishe siku ya Jumapili. Ilimwachia bei, naye akaenda gereji. Huko alikuta magari ya kizazi kingine yakiwa yameanza kufika: X-Trail za modeli ya 2007 na kuendelea, zenye giaboksi isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma unaotembea kati ya puli mbili. Giaboksi hiyo hubana mafuta kuliko A340, lakini huharibika ikitiwa oili ya otomatiki ya kawaida, na makopo ya oili hizo mbili hukaa rafu moja dukani.